Filamu za milimani za Ujerumani: tufuate mikono iliyoshika kamera

Mleta uzi

Wanajukwaa wenzangu, salaam.

Mara nyingi mjadala wa filamu za kale za Ujerumani huanzia Berlin na kuishia Berlin: kuta zilizopindishwa makusudi, madirisha yaliyochongoka, na vivuli ambavyo havikutokana na taa yoyote bali vilipakwa kwa rangi, kama ilivyokuwa katika Das Cabinet des Dr. Caligari ya mwaka 1920. Nimeona nifungue uzi kuhusu kundi jingine lililoanza kazi mwaka huohuo katika mji wa Freiburg, ukingoni mwa Msitu Mweusi, ambalo lilifanya kinyume kabisa. Lilitoka nje ya studio na kupanda na kamera hadi mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki hata akiwa mikono mitupu.

Kiongozi wa kundi hilo alikuwa Arnold Fanck. Alizaliwa mwaka 1889, akasumbuliwa na pumu utotoni hadi akapelekwa Davos, Uswisi, kufuata hewa ya milimani, kisha akasomea jiolojia mpaka shahada ya udaktari. Utengenezaji wa filamu hakuusomea popote. Mwaka 1920 yeye na wenzake walianzisha kampuni iliyoitwa Berg- und Sportfilm, na filamu yao ya awali, Das Wunder des Schneeschuhs, haikuwa na kisa chochote. Ilionyesha tu jinsi watu wanavyoteleza juu ya theluji kwa skii. Visa vilikuja baadaye, na niseme mapema kwamba visa ndivyo sehemu dhaifu kuliko zote katika kazi yake: wanaume wawili wanampenda mwanamke mmoja, dhoruba inaingia, mmoja anakufa au wanakufa wote. Ukishaijua filamu moja, umezijua nyingi.

Kwa nini basi bado tunazizungumzia filamu hizi baada ya miaka mia moja? Hoja yangu ni kwamba athari zake hazikusafiri kwa njia ya visa, na wala hazikusafiri sana kwa njia ya falsafa, ingawa wahakiki wamemwaga wino mwingi huko. Zilisafiri kupitia mikono ya wapiga picha. Baadhi yao, kama Sepp Allgeier, walikwisha kuijua kamera kabla ya kampuni kuundwa; wengine, kama Hans Schneeberger na Richard Angst, walikuwa watu wa milima kwanza na kamera wakaifunza huko juu. Hesabu ilikuwa wazi: ni rahisi kumfundisha mpanda mlima kuzungusha mpini wa kamera kuliko kumfundisha fundi wa studio kusimama saa tatu kwenye ukingo wa barafu. Watu hawa walipotawanyika walikwenda na jicho lao, na ukifuata majina yao utajikuta katika sehemu ambazo hukuzitarajia.

Mleta uzi (sehemu ya pili)

Kabla ya majina, tuitazame kazi yenyewe. Kamera za wakati ule zilikuwa masanduku mazito yaliyosimama juu ya miguu mitatu na kuzungushwa kwa mkono, na mkanda wake katika baridi kali hukakamaa na kukatika kama jani la mgomba lililokauka. Fanck alikuwa na mapenzi ya kupiga picha akiwa amelielekea jua, jambo ambalo wengi waliliepuka. Mtelezaji anapopita kati ya kamera na jua, theluji anayoitimua huwaka kingoni, kila punje peke yake, na mtu mwenyewe hubaki kama kivuli chenye ukingo wa mwanga. Alitumia pia mwendo wa taratibu kuonyesha namna goti linavyokunjwa na bega linavyotangulia, kiasi kwamba kitabu alichokitoa mwaka 1925 pamoja na mwalimu wa skii Hannes Schneider wa St. Anton kilikuwa na picha zilizokatwa kutoka kwenye mikanda hiyo, nacho kikawa kama shule kwa wanafunzi wa mchezo huo.

Halafu kuna mawingu. Mikanda ya mwanzo iliona buluu kupita kiasi na nyekundu haikuiona, kwa hiyo anga lilitoka jeupe tupu na mawingu yakamezwa humo. Vichujio vya rangi, na baadaye mikanda mipya iliyohisi rangi zote, viligeuza anga kuwa karibu jeusi, mawingu yakasimama mbele yake kama milima mingine. Fanck aliyaharakisha pia, akiyapiga picha moja moja kwa nafasi, hadi yakawa yanachemka juu ya kilele kama maziwa yanayofurika kwenye sufuria. Leo kila tangazo la shirika la ndege lina picha za namna hiyo na hakuna anayejiuliza zilianzia wapi.

Filamu ninayoipendekeza kwa mgeni ni Die weiße Hölle vom Piz Palü ya mwaka 1929. Fanck aliongoza sehemu za nje, na G. W. Pabst, mwongozaji mashuhuri wa Berlin, akaongoza sehemu za waigizaji ndani ya studio. Mchanganyiko huo uliipunguzia filamu ile hali ya kuhubiri inayochosha katika kazi nyingine za Fanck. Kisa chake ni cha Daktari Krafft, aliyempoteza mkewe katika ufa wa barafu wakiwa fungateni, ambaye miaka mingi baadaye anakwama kwenye genge la mlima huohuo pamoja na vijana wawili wachumba.

Kipo kipande kimoja humo ambacho nimekirudia mara nyingi. Kundi la wanafunzi limezolewa na maporomoko ya theluji na kutumbukia katika nyufa za barafu, na wanakijiji wanashuka usiku kuwatafuta, kila mmoja na mwenge wake. Mwenge unapoingia ndani ya ufa, barafu yenyewe inawaka kutoka ndani, kuta zinakuwa kama kioo kinene chenye moshi, na watu wanaonekana wadogo kama wadudu ndani ya taa. Hakuna neno linalosemwa, kwa sababu filamu ni bubu, na sidhani sauti ingeongeza chochote.

Karani wa Zamu

Ndugu mleta uzi, nakupongeza kwa maelezo, lakini naona umelikwepa jambo kubwa. Siegfried Kracauer, katika kitabu chake cha mwaka 1947 kuhusu filamu za Ujerumani kabla ya Hitler, alisema wazi kwamba ibada hii ya vilele na barafu ilikuwa dalili ya watu wanaoikimbia akili na kujiandaa kumfuata kiongozi. Mwigizaji mkuu wa kike katika filamu hizi alikuwa Leni Riefenstahl, ambaye baadaye aliwatengenezea Wanazi filamu zao kubwa. Je, tunaweza kweli kuzungumzia punje za theluji na kuacha hilo nje?

Mleta uzi

Ndugu Karani, silikwepi, nilikuwa nalifikia, na nakushukuru kwa kunisukuma.

Kracauer ana hoja moja ambayo haijibiki kirahisi. Alionyesha kwamba mawingu yanayoizunguka ndege ya Hitler mwanzoni mwa Triumph des Willens, filamu ya Riefenstahl ya mkutano wa chama cha Nazi uliofanyika Nuremberg mwaka 1934, ni mawingu yaleyale ya filamu za milimani. Hakukosea, na sababu yake ni ya wazi kuliko nadharia yoyote ya nafsi ya taifa: mpiga picha mkuu wa filamu ile alikuwa Sepp Allgeier, yuleyule wa Freiburg. Mtu aliyetumia miaka kumi na tano akijifunza kuyafanya mawingu yawe na utukufu alipewa kazi ya kumpa utukufu mwanasiasa, akatumia ufundi aliokuwa nao. Hata ile lifti ndogo iliyofungwa kwenye mlingoti wa bendera ili kamera ipande juu ya umati ni fikra ya watu waliozoea kutafuta mahali pa juu pa kutazamia.

Katika Olympia ya mwaka 1938, filamu ya Riefenstahl kuhusu michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, utawakuta Hans Ertl na Guzzi Lantschner, wote wana wa kundi hilo. Lantschner alikuwa mchekeshaji katika Der weiße Rausch ya mwaka 1931, kisha akashinda medali ya fedha ya skii katika michezo ya majira ya baridi ya mwaka 1936, na miezi michache baadaye alikuwa ameshika kamera uwanjani Berlin. Wale wapiga mbizi maarufu, ambao mwishoni hawaonekani tena kuanguka majini bali wanaelea dhidi ya mawingu, ni wateleza theluji wa Fanck waliobadilishiwa nguo.

Ila ninapotofautiana na Kracauer ni pale anapotufanya tuione filamu ya mwaka 1926 kama shahidi wa jambo lililotokea mwaka 1933, Hitler kuingia madarakani. Muziki wa Im Kampf mit dem Berge ya mwaka 1921 uliandikwa na Paul Hindemith, ambaye baadaye Wanazi walimwandama. Das blaue Licht ya mwaka 1932, filamu ya kwanza aliyoiongoza Riefenstahl mwenyewe, iliandikwa pamoja na Béla Balázs, Myahudi wa Hungaria aliyekuwa mkomunisti, na mtayarishaji wake, Harry Sokal, alikuwa na asili ya Kiyahudi. Filamu ilipotolewa upya mwaka 1938 majina ya wote wawili yalikuwa yamefutwa. Hannes Schneider, yule mwalimu wa skii, alikamatwa Wanazi walipoingia Austria mwaka 1938, na mwaka uliofuata akahamia Marekani. Wale waliofutwa na kufungwa walikuwa sehemu ya filamu hizi sawa na waliobaki kupiga picha za magwaride.

Fanck mwenyewe alichelewa kujiunga na chama cha Nazi hadi mwaka 1940. Hilo halimtakasi. Alitengeneza kazi za serikali ile, na baada ya vita hakupata tena nafasi ya maana katika filamu. Lakini ninapoambiwa kwamba kila kilele ni kiongozi na kila mpanda mlima ni askari, huwa najiuliza kama msemaji amewahi kuitazama Der weiße Rausch, ambayo kwa sehemu kubwa ni watu wanaofukuzana kwenye theluji, wakianguka na kucheka, akiwamo Riefenstahl, katika mchezo wa kumsaka mbweha ambaye ni mtu.

Hata Kracauer, mtu mkali namna ile, alikiri uzuri wa picha zenyewe: barafu inayometa dhidi ya anga jeusi, na mawingu yanayojenga milima juu ya milima.

Mgumu wa Machame

Mwalimu, shikamoo. Mimi si mtu wa filamu. Ni mpagazi wa Kilimanjaro niliyepanda cheo nikawa mwongoza wageni, ila uzi huu umenigusa kwa sababu nimewahi kuwabebea mizigo watu wa kamera. Tukiondoka kambi ya Barafu usiku wa manane kuelekea Stella Point, betri za kamera hukaa ndani ya nguo, kifuani, si kwenye begi, kwa kuwa zikipigwa na baridi zinakufa hata kama zilijazwa moto jana yake. Mpiga picha anavua glavu ya nje ili abonyeze kitufe, anapata sekunde chache, kisha vidole vinakataa. Na hiyo ni kamera ya siku hizi, inayoingia mfukoni. Sasa nashindwa kuelewa hao wa mwaka 1929 walizungushaje mpini kwa mwendo ulio sawa, maana mkono ukitetemeka si picha itaharibika? Na mizigo yao aliibeba nani?

Swali la pili, kwa heshima: huyo Fanck amezaliwa mwaka 1889, mwaka uleule Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo na kukiita kwa jina la Kaisari wao. Je, hakuna aliyefikiria kuleta kamera hizo huku kwetu?

Mleta uzi

Marahaba, ndugu yangu, na karibu sana. Wewe ndiye uliyekosekana katika uzi huu.

Kuhusu mpini, umegusa penyewe. Mwendo wa mkono ulipaswa kubaki uleule dakika nzima, na mkono ukizubaa, watu katika picha huanza kukimbia kama kuku waliotishwa. Ndiyo maana nasema wapiga picha hawa ndio kiini cha yote. Kundi lilikuwa dogo na kila mtu alibeba, pamoja na waongoza milima wa vijiji vya huko. Waigizaji nao hawakusamehewa. Riefenstahl alikuwa mcheza dansi alipoliona tangazo la Der Berg des Schicksals katika stesheni ya treni Berlin mwaka 1924, akaenda kuitazama, akamtafuta Fanck, na kufumba na kufumbua alikuwa anajifunza skii na kupanda miamba, kwa kuwa katika filamu hizi hapakuwa na mtu wa kukuangukia kwa niaba yako.

Katika S.O.S. Eisberg, waliyoipiga Greenland mwaka 1932 kwa fedha za kampuni ya Universal ya Marekani, walikuwapo wanasayansi wa msafara wa Alfred Wegener, aliyekufa kwenye barafu hiyohiyo miaka miwili kabla. Walipanda juu ya milima ya barafu inayoelea, ambayo hupinduka bila kutoa taarifa. Dubu walisafirishwa kutoka Hamburg. Naam, walibeba dubu hadi Greenland.

Kuhusu Kilimanjaro, katika orodha ya filamu za Fanck haumo. Ila kuna uhusiano wa kweli wa pembeni ambao naupenda sana. Katika Piz Palü na Stürme über dem Mont Blanc, mtu anayeokoa maisha mwishoni ni rubani anayekuja kwa ndege ndogo na kupita kati ya miamba, naye ni Ernst Udet, rubani halisi wa Vita vya Kwanza, akiigiza kwa jina lake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Udet na Schneeberger walikuja Afrika Mashariki na ndege kupiga picha za wanyama kutoka angani, na Udet akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Wakiwa njiani kurudi, mwaka 1931, walikwama huko Sudan, wakaokolewa na Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways ya Nairobi. Mwokoaji wa filamu zote akaja kuokolewa na ndege ya Nairobi, tena mbele ya mpiga picha wake. Mwandishi angelitunga kisa hicho tungemwambia amezidisha chumvi.

Msomi wa Pwani

Niruhusuni niongeze la Riefenstahl, kwa kuwa nasi lilitufikia. Mwaka 1956 alikuja Kenya kuandaa filamu kuhusu biashara ya watumwa kati ya Afrika Mashariki na Uarabuni, akapata ajali mbaya ya gari, na filamu haikukamilika. Baadaye alikwenda kwa Wanuba wa Sudan na mwaka 1973 akatoa kitabu cha picha zao. Miaka hiyohiyo akajifunza kupiga mbizi kwenye pwani ya Kenya akiwa amevuka umri wa miaka 70, baada ya kujipunguzia miaka 20 kwenye fomu. Mwaka 1975 Susan Sontag, mhakiki wa Marekani, aliandika insha akidai kwamba mlima, gwaride na mwanamieleka wa Kinuba ni picha moja tu: mwili usio na dosari, ulio juu ya watu wa kawaida, usio na udhaifu wala huruma. Mimi naona Sontag alisema kweli. Ukiwatazama Wanuba wale, hawana njaa, hawana kodi, hawana Khartoum. Ni vilele vya milima vilivyopewa miguu.

Mleta uzi

Dada, hiyo sentensi ya mwisho nitaiazima, na katika hili sina ubishi nawe. Hoja yangu kuhusu mikono inamhusu yeye kuliko wote, kwa sababu jicho alilolipata kwa Fanck halikubadilika tena maisha yake yote, liwe limeelekezwa kwenye barafu, uwanja wa michezo, au Wanuba wa Kordofan.

Wenzake wa zamani hawakukwama hivyo, na hapo ndipo napenda kuwapeleka wasomaji. Schneeberger alikuwa mmoja wa wapiga picha wawili wa Der blaue Engel ya mwaka 1930, iliyomtoa Marlene Dietrich. Kutoka barafuni hadi ukumbi wa dansi uliojaa moshi. Angst alifuatana na Fanck hadi Japani kupiga Die Tochter des Samurai ya mwaka 1937, filamu mbovu ya kisiasa yenye volkano na binti anayetaka kujitupa humo. Lakini aliyeshughulikia picha za kurushwa nyuma ya waigizaji alikuwa fundi kijana aitwaye Eiji Tsuburaya, ambaye mwaka 1954 alikuja kuwa bwana wa madoido katika Godzilla. Angst naye, mwaka 1959, akawa mpiga picha wa filamu mbili za mwongozaji Fritz Lang zenye visa vya India.

Luis Trenker, msanifu majengo na mwongoza milima aliyegeuka mwigizaji, alikwenda njia yake. Katika Der verlorene Sohn ya mwaka 1934 anaigiza kijana wa Tirol anayekwenda New York, na safari yote inaonyeshwa kwa pumzi moja: miamba ya Dolomiti inafifia polepole, na mahali pa kila mwamba linatokea ghorofa la New York lenye umbo lilelile, hadi hujui jiwe limeishia wapi na saruji imeanzia wapi. Kinachofuata ni mitaa halisi ya mji ule wakati wa mdororo, njaa, foleni na madawati ya bustani, ikiwa imepigwa kwa kamera iliyojichanganya na watu zaidi ya miaka kumi kabla ya Waitaliano kusifiwa kwa kufanya vivyo hivyo.

Karani wa Zamu

Nimeelewa njia ya wapiga picha. Lakini filamu za leo je? Kijana anayetazama filamu ya majasusi au ya wapanda milima anakutana wapi na Fanck?

Mleta uzi

Kwenye skii jibu ni jepesi. Filamu ya James Bond ya mwaka 1969, On Her Majesty's Secret Service, ina mafukuzano ya skii yaliyopigwa na Willy Bogner, mteleza skii wa Ujerumani aliyeweza kuteleza kinyumenyume huku kamera iko mkononi, na aliendelea kufanya hivyo katika filamu kadhaa za Bond zilizofuata. Ni Der weiße Rausch iliyotiwa rangi na bunduki. Quentin Tarantino naye, katika Inglourious Basterds ya mwaka 2009, aliipandisha Piz Palü kwenye tangazo la mbele ya sinema ya Paris, na msichana mwenye sinema yuko juu ya ngazi akizibandua herufi zake usiku.

Lakini urithi mkubwa zaidi ni kamba. Katika Der heilige Berg (Mlima Mtakatifu) ya mwaka 1926, marafiki wawili wako kwenye uso wa kaskazini wa mlima. Mmoja anateleza na kuning'inia gizani, na mwenzake anaishika kamba usiku kucha, akijua kwamba akiikata ataishi. Haikati. Alfajiri, akiwa amechanganyikiwa na baridi, anapiga hatua kwenye hewa na wote wawili wanakwenda. Tangu hapo kamba hiyo haijawahi kutoka kwenye sinema. Katika Nordwand ya mwaka 2008, kuhusu msiba wa kweli wa Eiger wa Julai 1936, Toni Kurz anafia kwenye kamba mita chache juu ya waokoaji kwa sababu fundo limekataa kupita kwenye pete ya chuma. Katika Vertical Limit ya mwaka 2000 baba anamwamuru mwanawe akate. Na katika Touching the Void ya mwaka 2003, inayosimulia yaliyotokea kweli kwenye mlima Siula Grande nchini Peru mwaka 1985, Simon Yates anaikata, na Joe Simpson aliyeanguka anaishi na kutambaa siku kadhaa hadi kambini. Kwa Fanck kukata kamba ni usaliti usiosameheka. Simpson, aliyekatiwa kamba, alimtetea mwenzake hadharani. Sijui hoja nyingine iliyojadiliwa na filamu kwa muda mrefu namna hii bila kuchoka.

Free Solo, filamu ya matukio ya kweli kuhusu mtu anayepanda mwamba peke yake, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2019, iliiondoa kamba kabisa, na humo wapiga picha wenyewe ni wapanda milima, kama Freiburg. Mmoja wao, aliyesimama chini na kamera yake, anageuza uso asimwone mwenzake akipita mahali pagumu. Kamera inaendelea kufanya kazi peke yake.

Mgumu wa Machame

Mwalimu, nimerudi. Nimezitazama mbili, Piz Palü na hiyo ya Mlima Mtakatifu, kwenye simu, nikiwa getini nasubiri wageni. Sikuelewa maandishi ya Kijerumani, ila kazi nimeielewa.

Nimeona jambo ambalo nadhani ninyi wasomi mmelipita. Kamba yao imefungwa kiunoni moja kwa moja, fundo tu juu ya koti. Hakuna ile mikanda ya mapajani na kiunoni tunayowavika wageni siku hizi kwenye miamba. Mtu akining'inia hivyo, kamba inapanda hadi chini ya mbavu na pumzi inakatika. Usiku kucha haiwezekani. Yule rafiki wa juu alikuwa ameshika maiti tangu mapema, na nafikiri alijua, kwa sababu kuna wakati anaacha kuita chini.

Mleta uzi

Nimeirudia usiku huu kwa ajili yako, ndugu Mgumu. Nilikuwa nimeitazama mara nne kabla, na mara zote macho yangu yalikuwa kwenye mawingu.